Kumtunza Mtoto Mchanga: Mwongozo kwa Mama wa Mtoto wa Kwanza

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mama na familia yake wataweza kutaja mahitaji ya lazima ya mtoto katika mwezi wake wa kwanza, kutofautisha bidhaa zinazofaa na zile za kupoteza fedha au zenye madhara, kutambua dalili za hatari, na kujua haki zao wanaponunua vitu vya mtoto.

1. Utangulizi

Mtoto huitwa mchanga tangu anapozaliwa hadi anapotimiza siku 28. Kipindi hiki ni kifupi, lakini ndicho chenye hatari kubwa kuliko vipindi vingine vyote vya utoto. Ndicho pia kipindi ambacho mama wa uzazi wa kwanza huwa mnunuzi dhaifu. Amechoka, usingizi wake ni wa kukatikakatika, hana uzoefu, na anampenda mtoto kiasi cha kuogopa kukosea. Mtu aliye katika hali hiyo ni rahisi kuuziwa kitu asichokihitaji.

Wauzaji wanalijua jambo hilo. Dukani kuna poda, mafuta, matone ya tumbo, chupa za kunyonyeshea na makopo ya maziwa ya unga. Mtaani kuna anayeuza mizizi ya kuponya mchango, na kuna fundi anayedai kuwa anajua kukata kimeo. Kila mmoja wao ana sababu yenye kusikika vizuri, na kila mmoja anataka kulipwa.

Fundisho kuu la somo hili ni kwamba mahitaji makubwa ya mtoto mchanga ni manne: maziwa ya mama, joto, usafi, na mtu mzima anayemwangalia kwa makini na kumpeleka kituo cha afya bila kuchelewa. Mengi ya hayo hayanunuliwi. Fedha ya familia ni bora itumike kwa chakula cha mama, chandarua, sabuni, na akiba ya nauli ya dharura.

2. Maziwa ya mama

Mtoto awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu anapozaliwa, na aanze kunyonya ndani ya saa 1 ya kwanza. Maziwa ya mwanzo, yaitwayo dang'a, ni mazito, ya rangi ya njano, na ni kidogo. Katika baadhi ya familia hukamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa kuwa ni machafu au yamelala. Dhana hiyo si sahihi. Dang'a ina kinga nyingi dhidi ya maradhi, na uchache wake unalingana na tumbo la mtoto wa siku 1. Maziwa mengi huanza kushuka kati ya siku ya 2 na ya 4. Kabla ya hapo mama hajakosa maziwa. Wakati wake haujafika tu.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku na mchana. Afunguliwe kinywa wazi, achukue sehemu kubwa ya weusi wa titi na si chuchu peke yake, na kidevu chake kiguse titi. Iwapo mama anasikia maumivu makali muda wote wa kunyonyesha, au chuchu inapasuka, mara nyingi mtoto hakushika titi vizuri. Mama amtoe taratibu kwa kupitisha kidole safi pembeni mwa kinywa chake, kisha aanze upya. Tatizo likiendelea, amwombe mkunga amtazame akinyonyesha.

Swali linalowasumbua akina mama wengi ni hili: "Nitajuaje kwamba anashiba?" Kulia peke yake si kipimo, kwa kuwa mtoto hulia pia kwa baridi, kwa joto, kwa nepi iliyolowa, au kwa kutaka kubebwa. Vipimo vya kutegemewa ni viwili. Cha kwanza ni mkojo: kuanzia siku ya 5, mtoto anayeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa saa 24, na mkojo huwa wa rangi hafifu. Cha pili ni uzito: ni kawaida mtoto kupungua kidogo siku za mwanzo, na wengi huurudia uzito wa kuzaliwa kabla ya kutimiza wiki 2. Mizani ya kliniki na kadi ya mtoto ndiyo mashahidi wa mama anapoambiwa na majirani kwamba maziwa yake ni mepesi.

Kwa miezi 6 ya kwanza mtoto hahitaji maji, uji, glukosi, wala maziwa ya ng'ombe. Hata katika joto la Dar es Salaam au Tanga, maji yaliyomo katika maziwa ya mama yanamtosha. Dawa zilizoagizwa na mtaalamu wa afya ndizo pekee zinazoruhusiwa. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI naye anaweza kunyonyesha akiwa anatumia dawa zake kikamilifu, na mtoto akipewa dawa za kinga. Asiache kunyonyesha wala asichanganye vyakula kabla ya kuzungumza na mtoa huduma wake.

3. Hesabu ya kopo la maziwa

Wapo watoto wachache wanaohitaji maziwa ya unga kwa sababu za kitabibu, au kwa sababu mama amefariki au hawezi kunyonyesha. Hao wapewe kwa maelekezo ya mtaalamu. Kwa wengine, familia ipige hesabu kabla ya kununua kopo la kwanza.

Mtoto mwenye kilo 4 huhitaji takribani mililita 150 za maziwa kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani mililita 600. Kiasi hicho hutumia karibu gramu 80 za unga. Kopo la gramu 400 basi humalizika kwa siku 5, na kwa mwezi ni makopo 6. Mtoto anavyokua mahitaji huongezeka. Chukua bei ya kopo moja katika duka la mtaani kwako, uizidishe mara 6, kisha uongeze gharama ya maji safi, mkaa au gesi ya kuchemshia, na vyombo. Linganisha jumla hiyo na mapato ya nyumba kwa mwezi.

Hatari halisi huanzia hapo. Chukulia mfano wa mama anayeambiwa siku ya 3 kwamba hana maziwa, akanunuliwa kopo. Mtoto akishibishwa kwa chupa hunyonya titi kidogo, na titi lisilonyonywa hupunguza kutengeneza maziwa. Baada ya wiki chache, upungufu uliokuwa wa kudhania unakuwa wa kweli. Kopo la 3 linapokwisha kabla ya mshahara, mama anapunguza vijiko vya unga na kuongeza maji ili lifike mwisho wa mwezi. Mtoto anaonekana ananyonya na tumbo linajaa, kumbe anakondeshwa. Hakuna aliyekusudia kumdhuru. Ni hesabu ambayo haikupigwa mapema.

Mama aliyekwisha kuingia katika hali hiyo asikate tamaa. Maziwa yanaweza kurudi kwa kumnyonyesha mtoto mara nyingi zaidi na kupunguza chupa hatua kwa hatua, uzito wake ukifuatiliwa kliniki. Ambaye ni lazima atumie maziwa ya unga azingatie haya: unga wenyewe si salama kabisa dhidi ya vijidudu, hivyo uchanganywe kwa maji yaliyochemshwa ambayo bado ni ya moto sana, yasiyopungua nyuzi 70 za Selisiasi, kisha maziwa yapozwe kabla ya kumpa mtoto. Vipimo vya kwenye kopo vifuatwe bila kupunguza wala kuzidisha. Kikombe kidogo ni bora kuliko chupa, kwa sababu ni rahisi kukiosha. Maziwa yanayobaki yamwagwe.

Ili kuwalinda watoto dhidi ya ushawishi wa kibiashara, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mwezi Mei 1981 kanuni ya kimataifa kuhusu uuzaji wa bidhaa zinazotumika badala ya maziwa ya mama, na Tanzania ina kanuni zake za mwaka 2013. Chini ya kanuni ya kimataifa, maziwa ya unga ya watoto wachanga hayapaswi kutangazwa kwa umma, mama hapaswi kupewa sampuli za bure, na kopo halipaswi kuwa na picha ya mtoto ya kuvutia wanunuzi. Mtu akikuletea kopo la zawadi wodini, fahamu kwamba anatafuta mteja.

4. Joto, usafi na usingizi

Mtoto mchanga hupoteza joto upesi. Asiogeshwe kabla ya kupita saa 24, avikwe kofia na soksi, na abebwe kifuani mara kwa mara. Aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 huhitaji uangalizi zaidi. Njia ya kangaruu, ambapo hufungwa kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, huokoa maisha na haina gharama ya kifaa.

Katika sehemu nyingi ni desturi kuwasha jiko la mkaa katika chumba cha mzazi ili kukipasha joto. Desturi hiyo iachwe. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua mama na mtoto wakiwa usingizini. Maji ya kuoga na uji wa pilipili manga vipikwe nje, kisha viingizwe chumbani.

Kitovu kiachwe kikavu na wazi, nepi ikunjwe chini yake. Kisipakwe majivu, kinyesi cha ng'ombe, mate, wala mafuta. Dawa ya kitovu itumike tu iwapo kituo cha afya kimeitoa na kueleza matumizi yake. Kwa kawaida kitovu hudondoka ndani ya wiki 1 hadi 2. Kila anayemshika mtoto anawe mikono kwa sabuni kwanza, akiwemo baba na wageni wenye heshima zao.

Nguo za mitumba si vibaya, mradi zifuliwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kuvaliwa. Nguo na nepi zilizoanikwa nje zipigwe pasi pande zote, hasa kwenye mishono, kwa kuwa yuko nzi anayetaga mayai juu ya nguo zenye unyevu na funza wake huingia katika ngozi.

Mtoto alazwe chali, juu ya godoro gumu kiasi, bila mto wala marundo ya nguo kando ya uso wake, ndani ya chandarua chenye dawa. Anayelala naye kitanda kimoja asiwe amekunywa pombe, wala asiwe mvutaji wa sigara. Mtoto asilazwe kwenye kochi na mtu aliyesinzia.

5. Vitu vya kununua na vya kuacha

Vinavyofaa kununuliwa ni vichache: khanga au vitambaa safi vya kumfunika, nguo 4 hadi 6 za pamba, kofia na soksi, nepi za kitambaa au za kutupa kwa kadiri ya uwezo, sabuni isiyo na manukato makali, beseni, na kipimajoto. Chandarua ulizia kliniki kwanza, kwa kuwa hugawiwa kwa wajawazito wanaohudhuria.

Vifuatavyo viachwe:

*Poda.* Vumbi lake huingia katika mapafu ya mtoto, na ngozi yake haina haja nayo.

*Wanja.* Baadhi ya wanja una madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo. Usipakwe machoni wala kwenye nyusi.

*Asali.* Inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupooza misuli. Asilambishwe mtoto yeyote aliye chini ya mwaka 1.

*Matone na dawa za kutuliza tumbo, pamoja na mizizi ya mchango.* Kilio cha mtoto mwenye afya huongezeka hadi karibu wiki ya 6, kisha hupungua chenyewe kufikia miezi 3 au 4. Dawa inayonunuliwa wakati huo husifiwa kwa kazi ambayo umri umeifanya. Mbebe, mtembeze, mwimbie. Ukizidiwa, mlaze chali mahali salama, umwite mtu akupokee. Usimtikise kamwe, kwani kumtikisa kunaweza kuharibu ubongo wake.

*Kukata kimeo na kung'oa "meno ya plastiki".* Kimeo ni kiungo cha kawaida cha koo. Uvimbe mweupe wa ufizi unaoitwa meno ya plastiki ni chipukizi cha meno yake halisi. Kuvikata kwa wembe au kwa chombo chenye ncha huleta kutoka damu, maambukizi, na hata kifo, huku ugonjwa uliosababisha homa au kikohozi ukibaki bila kutibiwa. Fedha ya kumlipa fundi huyo iwe nauli ya kwenda hospitali.

6. Dalili za hatari

Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja, hata ikiwa ni usiku, ukiona mojawapo ya haya: amekataa kunyonya au ananyonya kwa udhaifu, amepata degedege, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, hachezi viungo vyake isipokuwa akiguswa, joto lake limefika nyuzi 37.5 au zaidi, au limeshuka chini ya 35.5, ana rangi ya njano ndani ya saa 24 za kwanza, au viganja na nyayo zake zimekuwa za njano siku yoyote, kitovu kinatoa usaha au wekundu wake unaenea kwenye ngozi. Kumwotesha jua mtoto mwenye manjano hakuchukui nafasi ya kumpima.

Mama naye ana dalili zake: damu nyingi inayolowesha kitambaa upesi, homa, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, degedege, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Huzuni na machozi ya siku chache ni ya kawaida. Huzuni ikizidi wiki 2, au mama akiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, huo ni ugonjwa unaotibika na wala si uzembe wala laana. Aelezwe mkunga bila aibu.

Hata bila dalili yoyote, Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto waonwe na mtaalamu ndani ya saa 24 za kwanza, tena kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya 6. Chanjo za kuzaliwa ni ya kifua kikuu na matone ya polio. Nyingine huanza wiki ya 6. Katika vituo vya umma chanjo hizi hutolewa bila malipo.

7. Familia na ushauri wa wakubwa

Bibi, mama mkwe na shangazi ni hazina kwa mzazi. Mtori wao, mikono yao na usiku wanaokesha haviwezi kununuliwa. Baadhi ya ushauri wao, hata hivyo, hauna budi kukataliwa, na kukataa hakuhitaji ugomvi. Mama anaweza kusema: "Mama, ahsante kwa kunihangaikia. Mkunga ameniambia nisimpe maji hadi miezi 6. Alhamisi twende naye kliniki sote wawili, umsikie." Mkubwa aliyeshirikishwa kliniki hugeuka kuwa mlinzi wa mafundisho hayo nyumbani. Baba naye ana kazi: kubeba maji, kufua nepi, kupunguza wageni, na kuhakikisha mama anapata mlo wa ziada kila siku.

8. Haki zako

Mama aliyeajiriwa Tanzania Bara ana haki, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ya likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini ana haki ya kunyonyesha wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Kwa kuwa siku 84 hazifiki miezi 6, ajifunze kukamua maziwa wiki chache kabla ya kurudi. Maziwa yaliyokamuliwa katika chombo safi hukaa saa 4 chumbani pasipo joto kali, au siku 4 ndani ya friji.

Unaponunua bidhaa ya mtoto, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, jina la mtengenezaji, na maelekezo katika lugha unayoielewa. Kisha dai risiti na uitunze. Bidhaa za vyakula na vipodozi zenye kasoro ziripotiwe Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Dawa, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Udanganyifu wa muuzaji na bidhaa bandia, Tume ya Ushindani (FCC). Usiitupe bidhaa yenyewe, kwa kuwa ndiyo ushahidi.

Maswali ya kujipima

1. Taja vipimo viwili vinavyoonyesha kwamba mtoto anashiba.
2. Kwa bei ya mtaani kwako, maziwa ya unga ya mtoto mwenye kilo 4 yangegharimu kiasi gani kwa mwezi? Fedha hiyo ingenunua chakula gani cha mama?
3. Jirani anakushauri umpeleke mtoto mwenye homa akatolewe meno ya plastiki. Utamjibu nini, na utakwenda wapi?
4. Nani atakayekusindikiza hospitali usiku, kwa usafiri gani, na nauli imewekwa wapi? Jibu la swali hili liandikwe na kubandikwa ukutani kabla ya siku ya kujifungua.